Neno Nililolifuta Jumanne Usiku

Gazeti letu lilikuwa la wiki, likitoka Jumatano, kwa hiyo usiku wangu wa kazi ulikuwa Jumanne. Nimekesha Jumanne hizo miaka kumi na tisa, tangu 1999 hadi tulipofunga ofisi 2018. Ni usiku ambao kila mtu anamtaka mwenye gazeti. Mchapaji anataka fedha zake kabla hajagusa pleti. Msanifu kurasa ana tundu ukurasa wa 11 kwa sababu mwenye tangazo amepiga simu saa kumi jioni kusema "tumesitisha kwanza", basi, hakuna maelezo zaidi. Halafu inaita namba usiyoijua, sauti ya upole, mtu anakushauri kama ndugu yako kwamba ile habari ya mbele ingengoja wiki ijayo.

Walionijua kwa ukurasa wa mbele waliamini kazi yangu ilikuwa kupambana na wakubwa. Nikipanda daladala Mwenge, mtu ananisogelea: "Mzee, wiki hii mmewapatia!" Nilizipenda salamu zile. Lakini saa zangu nyingi ziliishia kwenye kuhesabu nakala. Saa nane usiku mtambo unaanza kuzunguka, saa kumi vifurushi vya mikoani viko kwenye pikapu kwenda Ubungo kuwahi mabasi ya alfajiri. Kifurushi kikikosa basi la Mbeya, nakala hizo zimekufa, maana gazeti la Jumatano likifika Tunduma Ijumaa ni la kufungia vitumbua. Wakala anachukua chake, muuzaji wa mezani anachukua chake, yasiyouzwa yanarudi yamekunjamana na wewe unabaki na deni la karatasi. Wiki ambayo tangazo moja kubwa limeondolewa, unamlipa mchapaji kwa fedha za wiki iliyopita. Wa mwisho kulipwa, kila wiki, ni yule aliye mbali na ofisi.

Kulikuwa na jambo jingine, na nalieleza kwa sababu lina mkono katika kosa ninalotaka kulisimulia. Redio zilikuwa zimeanza kusoma magazeti kila asubuhi. Mtangazaji anasoma vichwa vya habari, anasoma na aya mbili tatu za habari kubwa, anaongeza na maoni yake, na abiria kwenye daladala anashuka Posta akiona kwamba gazeti la leo ameshalisoma. Ili atoe fedha mfukoni, kichwa cha habari kilipaswa kumshika shati. Tukazidi kuvinoa vichwa. Ukivinoa wiki hadi wiki, unafika mahali huoni tena pale habari inapoishia na pale makali yako yanapoanzia.

Aprili 2009, mwandishi wetu wa wilaya moja ya kusini alituma habari ya korosho. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, aliyemaliza kidato cha nne, akajifunza uandishi kwa kusoma magazeti tu. Umeme ulikuwa umekatika kwao siku mbili, kwa hiyo hakuweza kuituma kwa barua pepe. Akaiandika kwa mkono kwenye karatasi za daftari la mistari, akatia bahasha pamoja na nakala za stakabadhi, akampa kondakta wa basi.

Ilikuwa kazi nzuri sana. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umeanza kutumika kwenye korosho 2007. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, anapimiwa, anapewa stakabadhi na malipo ya kwanza, kisha anangoja mnada ili apate malipo ya pili. Kijana wetu alikuwa amekwenda vijiji vitatu kwa baiskeli. Wakulima walimwonyesha stakabadhi zao, naye akalinganisha kilo zilizoandikwa pale na kilo zilizosomeka kwenye daftari la ghala. Hazikulingana. Malipo ya pili yalikuwa hayajafika, na masika ilikuwa imeshaingia, watu wanatafuta fedha za palizi. Mwishoni aliandika kwamba inadaiwa ofisa mmoja wa wilaya alikuwa na mkono katika tofauti ile, na kwamba ofisa huyo alipotafutwa hakupatikana.

Jumanne usiku nilikaa na ile habari ikiwa imeshachapwa kwenye kompyuta na kutolewa kwenye karatasi. Nilikuwa na kalamu nyekundu. Kichwa alichokiandika yeye kilisema: "Wakulima wadai malipo ya pili ya korosho, ofisa adaiwa kuhusika." Nikakikata. Nikaandika: "Kigogo atafuna korosho za wakulima." Aya ya ofisa niliitoa mwisho nikaipandisha juu, na pale palipoandikwa "inadaiwa" nikapitisha mstari. Msanifu kurasa aliniuliza, "Mzee, una uhakika?" Nikamjibu kwamba korosho haziwezi kupungua zenyewe.

Asubuhi redio ziliisoma habari yetu ya kwanza. Simu yangu haikutulia. Mbunge mmoja alinipongeza, padri mmoja akanipongeza, wakili rafiki yangu akasema hiyo ndiyo kazi. Katikati ya simu hizo, namba ya kijana wetu wa kusini ilipiga mara tatu. Sikupokea. Nilidhani naye anataka kupongezwa, nikasema nitampigia jioni. Jioni simu yake ilikuwa imezimwa. Alhamisi ikawa imezimwa. Ijumaa, mwenye duka la vifaa vya ofisi wa pale wilayani alinipigia akaniambia kwa sauti ya chini: "Mzee, kijana wako yuko ndani tangu juzi mchana."

Jumamosi alfajiri nilipanda basi la kusini. Tulikunywa chai Kibiti. Nakumbuka kibanda kile, benchi limeloa, mama muuzaji anakaanga mihogo na kuwahimiza abiria wale upesi kabla dereva hajapiga honi. Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, halafu lami ikaisha. Wakati ule kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kilikuwa tope tupu. Tulikwama. Wanaume wote tukashuka kusukuma, tukalala palepale, tukatoka Jumapili mchana baada ya trekta kutuvuta. Usiku ule kwenye kiti cha basi nilipanga hotuba ya kumpa mkuu wa kituo: uhuru wa habari, Ibara ya 18 ya Katiba, yote.

Sikuitoa hotuba ile. Nje ya kituo, chini ya mkorosho, nilimkuta mama yake. Alikuwa na bakuli la plastiki limefungwa kwa kipande cha kanga, anangoja aruhusiwe kuingiza chakula. Mwenye duka akanitambulisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye gazeti?"

"Ndiye mimi, mama. Pole sana."

"Mwanangu umemwajiri?"

Nikaanza kumweleza kwamba kijana wake ni mwandishi wetu wa eneo, kwamba tunamtegemea sana, kwamba habari yake imesomwa nchi nzima. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Baba, sijakuuliza anaandika nini. Nimekuuliza, umemwajiri?"

Nilinyamaza. Kijana wake alikuwa analipwa kwa habari, shilingi 5,000 ikitoka ndani na 10,000 ikitoka mbele. Hakuwa na mkataba. Alipokamatwa alitoa mfukoni barua ya utambulisho niliyomsainia mimi, na barua hiyo ilikuwa imepita muda wake miaka miwili. Askari waliisoma wakamwambia wewe si mwandishi wa mtu yeyote. Alinipigia simu ili mtu mmoja tu aseme "huyu ni wetu". Ndizo zile simu tatu.

Walimpa dhamana Jumatatu. Hakufikishwa mahakamani, wala hakuna aliyemwambia kesi yake imeisha. Aliripoti kituoni kila Jumatatu kwa miezi mitatu, halafu siku moja wakamwambia asije tena. Alipotoka alikuwa amepungua, anapepesa macho kwa mwanga. Nilijiandaa kwa hasira yake. Yeye aliniuliza kwa utaratibu: "Mzee, lile neno mlilitoa kwa nini? Mimi sikuwa na ushahidi wa ofisa. Nilikuwa na ushahidi wa mizani."

Niliporudi Dar es Salaam nilifungua daftari la malipo. Habari nne zake za nyuma zilikuwa hazijalipwa. Nilikuwa nimezisainia mimi mwenyewe, pembeni nimeandika "wiki ijayo".

Wakulima ndio waliopoteza zaidi. Waliompa stakabadhi zao waliitwa mmoja mmoja wakaulizwa, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kuonekana na mtu mwenye daftari. Ofisa alidai kuombwa radhi, na alikuwa na haki hiyo, kwa sababu tuliandika kama jambo lililothibitishwa kitu ambacho hatukukithibitisha. Tulimwomba radhi ukurasa wa mbele. Siku hiyo suala la kilo zilizopotea, lililokuwa la kweli, lenye karatasi zake, lilizikwa pamoja na uongo wetu. Nani angelifufua? Kila aliyeligusa aliambiwa, hizo ni zile habari walizoziombea radhi.

Tangu hapo nilianza kuzisoma upya historia za wenye magazeti wa nchi hii. Erica Fiah, mwenye duka mzaliwa wa Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu hapa Dar es Salaam 1937, akalihariri yeye mwenyewe. Aliyekasirishwa na makala alijua mlango wa kugonga. Mwalimu Nyerere alishitakiwa 1958 kwa kashfa dhidi ya wakuu wa wilaya wa kikoloni, kwa makala iliyotoka Sauti ya TANU, kijarida kilichorudufiwa kwa stenseli. Alisimama kizimbani yeye mwenyewe, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh wa gazeti la Mwafrika walifungwa kwa uchochezi. Watu hao waliandika, wakahariri, wakachapisha, na hukumu ikawakuta wenyewe. Mimi nilikuwa nimejenga gazeti ambalo sifa zinafikia Dar es Salaam na kipigo kinafikia wilayani, nikawa najiita jasiri.

Sitaki ieleweke kwamba wenye magazeti wa kizazi chetu hawakuumia. Jenerali Ulimwengu, mmoja wa waasisi wa gazeti la Rai, aliambiwa na serikali 2001 kwamba si raia wa nchi aliyoitumikia maisha yake yote. Ali Nabwa wa gazeti la Dira, Zanzibar, alipigwa kwa fimbo hiyohiyo ya uraia 2003, na mwaka huohuo gazeti lenyewe likafungiwa. Januari 2008 watu waliingia ofisi za gazeti la MwanaHalisi, Kinondoni, wakammwagia mhariri wake, Saed Kubenea, kemikali machoni na kumjeruhi Ndimara Tegambwage kwa panga. Kubenea alipelekwa India kutibiwa. Wiki ile hakuna mwenye gazeti mjini aliyelala vizuri, nami nilihamishia meza yangu mbali na mlango.

Lakini hao tuliwajua kwa majina asubuhi ileile. Kulikuwa na matamko, mikutano, mawakili, balozi zilipiga simu. Mwandishi wa mkoani hana ngao hiyo. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake, polisi wakitawanya watu wa Chadema. Alikuwa kazini, kamera mkononi. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, 2016.

Halafu Novemba 2017, Kibiti. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea akiandikia gazeti la Mwananchi, na alikuwa ameandika kuhusu mauaji ya viongozi wa vijiji na askari katika Kibiti na Rufiji. Tarehe 21 alichukuliwa na watu waliokuja na gari. Gari hilo lilifika hadi shambani kwa mkewe, naye Azory akiwa ndani yake akamuuliza ufunguo wa nyumba ameuweka wapi, akasema anakwenda safari ya dharura. Hajarudi hadi leo. Niliposoma habari ile nilikiona kile kibanda cha chai, benchi limeloa. Nikakaa ofisini na daftari la majina ya waandishi wetu wa mikoa, kumi na mmoja, nikampigia kila mmoja. Sikuwa na la maana la kuwaambia. Nilitaka kusikia wakipokea.

Nirudi kwenye 2009. Tulichokibadilisha baada ya safari ile hakikuhitaji fedha nyingi, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba tungeweza kukifanya tangu siku ya kwanza. Kila mwandishi wa mkoani alipata mkataba wa kurasa mbili na kitambulisho chenye picha, nikaweka kwenye kalenda tarehe za kuvihuisha. Waandishi wa mikoani wakawekwa juu kabisa kwenye orodha ya malipo, kabla ya mchapaji, na mchapaji alinuna hadi akazoea. Tulimlipa wakili mmoja Mtwara na mmoja Mwanza kiasi kidogo kila mwezi ili wapokee simu hata usiku. Sheria ya Huduma za Habari ilipopitishwa 2016 niliipinga kwa nguvu zangu zote, kwa leseni zake na makosa yake ya jinai, na nilifurahi Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha iliposema Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini kilipotajwa kifungu kinachotaka waandishi wakatiwe bima niliinamisha kichwa. Jambo tuliloambiwa na serikali lilikuwa letu kulifanya kabla.

Jambo la mwisho ndilo dogo kuliko yote. Kila Jumanne usiku, kabla ukurasa wa mbele haujaondoka, mwandishi wa habari ile anapigiwa simu, popote alipo, na anasomewa kichwa cha habari pamoja na aya tatu za juu. Akisema neno fulani halikai, linaondoka. Wahariri wangu walilalamika mwanzoni kwamba tunampa ripota mamlaka ya mhariri, na kwamba vichwa vitapoa. Vingine vilipoa kweli. Kuna wiki mauzo yalishuka na nikaona mkono unaitafuta tena kalamu nyekundu. Lakini mwandishi anayelala katika mji wa habari yake anaijua nguvu ya kila neno kuliko mimi niliyelala Sinza. Anajua nani atalisoma asubuhi na atapita wapi kumfikia.

Kijana wetu wa kusini alikaa mwaka mzima bila kuandika. Mama yake hakutaka, na sikumlaumu. Kisha akaanza tena taratibu, habari za visima, za shule zisizo na madawati. 2013, ghasia za kupinga bomba la gesi zilipotokea Mtwara, alisafiri akatuandikia kwa siku sita, na kila jioni alipiga simu kusema yuko salama kabla hajasema habari.

Tulifunga 2018. Hakuna aliyetufungia. Deni la uchapaji lilifika mahali ambapo kila toleo jipya lilikuwa linaongeza shimo, na matangazo yalikuwa yameshahama. Jumanne ya mwisho tulikuwa watu watano ofisini, kompyuta mbili zimeshauzwa. Habari ya mbele ilitoka kusini, ya korosho tena, safari hii ikiwa na barua, mihtasari ya kikao na majibu ya wanaotuhumiwa. Saa nne usiku nikampigia. Nikasikia redio ikizimwa upande wake na mtoto akiambiwa anyamaze. Nikamsomea kichwa cha habari polepole.

"Rudia, mzee."

Nikarudia.

"Hilo neno la tatu toa."

Nikamuuliza tuweke lipi. Akafikiri kidogo, akanitajia. Nikaliandika kwa kalamu ya bluu, nikampa msanifu kurasa.